Maandishi Yasiyo na Mwenyewe: Alama za Barabarani za Kalemie Mbele ya Msomaji wa Kiswahili

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kushughulika na riwaya, tamthilia na ushairi. Kwa muda mrefu umesita kuvuka mpaka huo, isipokuwa kwa ajili ya fasihi simulizi na, baadaye, kwa ajili ya maandishi ya kanga. Maandishi ya barabarani yameachiwa wahandisi na askari wa usalama. Kuachiwa huko kuna hasara zake, kwa kuwa alama ya barabarani ni matini kamili: ina fani, ina maudhui, ina hadhira iliyokusudiwa, na kinyume cha riwaya, msomaji akikosea kuisoma hapati nafasi ya kurudia ukurasa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Hadhira hiyo, yaani ile isiyokaa nyuma ya usukani wa gari, ndiyo inayozingatiwa katika makala haya.

Mahali panapochunguzwa ni Kalemie, mji wa bandari ulio kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, karibu na pale Mto Lukuga unapotoka ziwani kuelekea Lualaba. Reli ya kutoka Kabalo iliufikia mwaka 1915. Barabara ya Taifa Namba 5, inayounganisha Lubumbashi na Uvira, inaupitia. Tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, Kalemie ni makao makuu ya Jimbo la Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa ni Kigoma. Kiswahili ndicho lugha ya soko, ya gati na ya mahubiri, sambamba na Kitabwa, Kiluba, Kiholoholo na Kibembe. Kifaransa ni lugha ya ofisi na ya madarasa ya juu. Wakati wa utawala wa Wabelgiji mji huu ulikuwa na jina rasmi lenye sura mbili, Albertville kwa Kifaransa na Albertstad kwa Kiholanzi. Haikosi kuvuta fikira kwamba serikali iliyoona umuhimu wa kuandika jina la mji kwa lugha mbili haikuona upungufu wowote katika ukweli kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa lugha ya wapagazi wa gatini.

Ukanusho ulio katika rangi

Alama zinazotumika Kongo zinatokana na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, ambao Zaire ilijiunga nao mwaka 1977. Mwaka uliofuata nchi ikatoa sheria yake mpya ya barabara, Sheria Namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Msingi wa mfumo huo ni mzuri na unastahili kusifiwa kabla ya kukosolewa. Umbo linasema kwanza, rangi inafuata, picha inakuja ya tatu, na neno, likiwapo, ni la mwisho. Pembetatu yenye ukingo mwekundu inatahadharisha, duara lenye ukingo mwekundu linakataza, duara la buluu linaamuru, mstatili unaarifu. Alama mbili tu zimepewa maumbo yasiyotumiwa na alama nyingine yoyote: ile ya kusimama, yenye pembe nane, na ile ya kupisha, ambayo ni pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini. Busara ya uamuzi huo huonekana hasa pale ambapo hakuna anayezitunza alama. Bati la pembe nane, hata likishika kutu lote na lisiwe na herufi moja iliyobaki, bado linamwambia dereva asimame. Hata anayelitazama kwa nyuma analitambua. Hapa fani peke yake inabeba maudhui.

Mambo ni tofauti kabisa kwa alama za duara, na hapa ndipo palipo kiini cha tatizo la usanifu. Kutopita, kutopita gari jingine, kutozidi kilomita kadhaa kwa saa, kutoingia na baiskeli: yote haya yana umbo moja. Kinachoyatofautisha ni rangi na mchoro. Rangi nyekundu, kama ajuavyo kila mwenye duka aliyewahi kuacha bango juani, ndiyo inayotangulia kupauka, na nyeusi hudumu zaidi. Sasa katika mfumo wa Vienna wekundu ndio ukanusho wenyewe. Picha nyeusi ya baiskeli ndani ya duara lenye ukingo mwekundu inasema kwamba baiskeli zisipite. Ukingo ukipauka hadi kufanana na weupe wa kati, inabaki picha ya baiskeli kwenye duara jeupe, na msomaji asiye na mafunzo ana kila sababu ya kuielewa kuwa inakaribisha baiskeli. Alama haikunyamaza, imegeuka kusema kinyume.

Mwanaisimu wa Kiswahili anaijua hatari hii kwa karibu. Kati ya "upite" na "usipite" kuna silabi moja. Lugha, kwa kuwa inatambua uzito wa silabi hiyo, huiweka mahali pasipoweza kudondoshwa kwa urahisi, na msemaji anayekanusha kwa kawaida hukaza sauti. Msanifu wa alama amefanya kinyume: amekiweka kiambishi cha ukanusho katika kile kipengele cha matini kinachokufa kwanza. Katika nchi ambako bati hupakwa rangi upya kila baada ya miaka michache kasoro hiyo haionekani. Kwenye ufuko wa ziwa la kitropiki, chini ya jua kali na unyevu, kando ya barabara ya udongo ambayo vumbi lake lenyewe ni jekundu na hulitia bati zima rangi moja, kasoro hiyo haiwezi kufichika. Kwa hiyo si sahihi kutenganisha, kama ifanywavyo mara nyingi, alama iliyosanifiwa vibaya na alama iliyotunzwa vibaya, ya kwanza ikawa kosa la mchoraji na ya pili kosa la mkandarasi. Usanifu unaodai matunzo ambayo hayatapatikana ni usanifu mbaya tangu siku ya kwanza.

Si picha zote zinazojieleza, vilevile. Njia panda ya reli isiyo na kizuizi huonyeshwa katika Mkataba kwa picha ya gari la moshi la zamani, lenye dohani. Mtoto wa Kalemie aliyezaliwa karibu na reli anaijua treni vizuri sana, lakini treni anayoijua ni ya dizeli na haina dohani ya namna ile. Ataielewa, pengine, kwa sababu binadamu ni mwepisi wa kukisia. Mstari mweupe uliolala ndani ya duara jekundu, unaokataza kuingia, haukisiwi na yeyote. Ni lazima ufundishwe.

Lugha ya taifa na lugha rasmi

Pale ambapo picha haitoshi, Mkataba unaruhusu maneno, ama ndani ya alama ama kwenye kibao kidogo cha mstatili chini yake. Kando ya barabara za Kongo maneno hayo ni ya Kifaransa: "RALENTIR" kabla ya kona, "DEVIATION" barabara inapofungwa, "PEAGE" panapotozwa ushuru. Hoja inayotolewa kila suala hili linapozuka ni kwamba mikono ya serikali imefungwa, kwa kuwa Kifaransa ndicho lugha rasmi na alama ni za kimataifa. Hoja hiyo haisimami inapopimwa kwa matini inayotajwa.

Mkataba wa Vienna unasema, kuhusu maandishi ya nyongeza, kwamba yatakuwa katika lugha ya taifa au katika lugha moja au zaidi ya lugha za taifa, na pia, nchi ikiona inafaa, katika lugha nyingine, hasa lugha rasmi za Umoja wa Mataifa. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006, katika ibara yake ya kwanza, inatofautisha waziwazi mambo mawili: lugha rasmi ni Kifaransa, lugha za taifa ni Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba cha Kasai. Inaliwajibisha dola kuzikuza lugha hizo nne bila ubaguzi. Mtu akiziweka matini hizi mbili bega kwa bega na kuzisoma neno kwa neno, Kiswahili kinaingia kwenye kibao kwa mlango wa kwanza, kama lugha ya taifa, na Kifaransa kinaingia kwa mlango wa pili, kama lugha ya Umoja wa Mataifa ambayo nchi imeona inafaa kuiongeza. Ni kweli kwamba waandishi wa mwaka 1968 hawakuwa na tofauti hiyo ya kikatiba akilini. Kwao "lugha ya taifa" pengine ilikuwa tu lugha ambayo dola huitumia. Hata usomaji huo wa tahadhari, hata hivyo, hauzuii Kiswahili. Unakiruhusu tu badala ya kukitanguliza.

Neno "STOP" lenyewe ni ushahidi. Mkataba unataka liandikwe kwa Kiingereza au kwa lugha ya nchi husika. Québec huandika "ARRÊT", Uturuki "DUR", Malaysia "BERHENTI". Oman huandika kwa Kiarabu na Kiingereza pamoja. Hakuna aliyelalamika kwamba wageni wamepotea kwa sababu hiyo, maana pembe nane zimekwisha kusema. "SIMAMA" ingefaa Kalemie bila kukiuka kifungu chochote cha Mkataba.

Rodrigue Landry na Richard Bourhis, katika makala yao ya mwaka 1997 kuhusu mandhari ya lugha, walitofautisha dhima mbili za maandishi ya hadharani: kuarifu, na kuashiria hadhi ya lugha na ya wenye lugha. Kibao cha "RALENTIR" kwenye njia ya kuingia Kalemie kinatimiza vizuri ile ya pili. Kinatangaza kwamba hapa pana dola na kwamba dola hiyo huzungumza lugha fulani. Kuhusu ile ya kwanza, kinamwarifu dereva aliyesoma. Mama mwenye karai la samaki kichwani na kijana wa baiskeli aliyeacha shule darasa la nne hakiwaambii lolote. Wapo watakaosema kwamba kibao kinamhusu dereva tu, naye amefaulu mtihani. Hilo lingekubalika kama kila mwenye pikipiki ya abiria katika mashariki ya Kongo angekuwa na leseni, na kama mtembea kwa miguu asingehitaji kujua ni wapi dereva ameagizwa kupunguza mwendo. Alama ni makubaliano kati ya watu wawili wanaokutana barabarani. Mmoja akiwa hajui kilichoandikwa, makubaliano hayapo.

Mwenyewe ni nani?

Swali la mtunzi, ambalo katika uhakiki wa riwaya limechosha wengi, hapa lina uzito wa kiutawala. Barabara za taifa ziko chini ya Ofisi ya Barabara, iliyoanzishwa mwaka 1971. Mitaa ya miji iko chini ya ofisi nyingine, ile ya njia za miji na mifereji. Fedha za matunzo zinapitia mfuko wa taifa ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008, unaotegemea tozo ya mafuta na ushuru wa barabarani. Kuzuia ajali ni kazi ya tume ya taifa. Kusimamia utii ni kazi ya polisi wa barabarani. Mtandao wa Ofisi ya Barabara peke yake una kilomita zipatazo 58,000, na sehemu ndogo sana ndiyo yenye lami. Kati ya watano hawa hakuna ambaye mpita njia anaweza kumtaja kwa uhakika kuwa ndiye aliyelisimika bati lile lililoinama na ndiye atakayeulizwa likianguka. Bati lisilo na mwenyewe huwa mali ya anayelihitaji. Upande wa pili wa ziwa, wakala wa barabara wa Tanzania umelalamika mara nyingi kwamba alama zinang'olewa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na kulaumu tabia za wananchi ni rahisi. Lakini wizi huo pia ni namna ya usomaji. Anayeling'oa bati amelisoma kama chuma, kwa sababu kama matini halikuwahi kumwambia neno.

Linganisho na mabango mengine linaumiza. Katika miji ya mashariki ya Kongo mabango ya kampuni za simu na ya bia huwa na rangi safi, kwa sababu yana mwenyewe anayelipia usafi huo. Vibao vya miradi ya misaada, vilivyoongezeka sana katika miaka ambayo kikosi cha Umoja wa Mataifa kilikuwa Kalemie, yaani hadi katikati ya mwaka 2022, navyo vina mwenyewe, ingawa msomaji wake yuko mbali: safu ya nembo na vifupisho vya kigeni huandikwa kwa ajili ya mkaguzi wa mfadhili, na mwanakijiji anayepita ni sehemu ya mandhari tu. Mkataba wa Vienna unazitaka nchi zizuie mabango yanayoweza kuchanganywa na alama au kupunguza uwezo wake wa kuonekana. Kipengele hicho kingetekelezwa ipasavyo, nguzo nyingi zingehama.

Kuna pia suala la mahali. Ron Scollon na Suzie Wong Scollon, katika kitabu chao cha mwaka 2003, walisisitiza kwamba maana ya alama hutegemea pale iliposimama: mshale uliolala ghalani hauelekezi popote. Katika barabara ya udongo kama ile ya kwenda Bendera na Fizi, masika yanapochimba shimo katikati ya njia, madereva hufungua njia nyingine pembeni, na baada ya misimu miwili hiyo ndiyo barabara. Alama ya kona inabaki ikitahadharisha kichaka. Ziwa lenyewe huandika upya ramani: mwaka 2024 maji ya Tanganyika yalipanda hadi kiwango kinacholinganishwa na kile cha mwaka 1964, na mitaa ya ufukoni, Kalemie ikiwamo, ikafunikwa. Alama nzuri kwa mazingira ya namna hii ni ile inayoweza kung'olewa na kusimikwa tena na watu wa mtaa wenyewe kwa idhini ya ofisi. Wenye mikokoteni na madereva wa malori wamekwisha kubuni yao: tawi bichi lililotupwa barabarani, hatua kadhaa kabla ya gari lililoharibika. Tawi hilo halina rangi ya kupauka, halihitaji kusomeshwa, na linapokauka linaonyesha lenyewe kwamba taarifa yake imechakaa.

Na ziwa linagawa kulia na kushoto. Kigoma magari hupita kushoto. Kalemie hupita kulia. Mfanyabiashara anayevuka kwa boti anafika mji ambao lugha yake anaielewa tangu gatini, na kwa sababu hiyo hiyo anaweza kusahau kwamba kanuni imegeuka. Kibao cha Kiswahili chenye maneno mawili, "PITA KULIA", mahali pa kutokea bandarini, kingekuwa na hadhira iliyo wazi kuliko karibu kila kibao kingine cha mji.

Kiswahili kipi?

Wanaodai alama ziandikwe kwa Kiswahili mara nyingi husita hapa, na kusita kwao kuna sababu. Kiswahili cha Kalemie si kile cha kamusi za Dar es Salaam. Katanga nzima daraja huitwa na wengi "kilalo", neno ambalo msomaji wa pwani atalitambua ndugu yake katika "ulalo", gogo la kuvukia mto. Baiskeli ni "kinga". Watoto ni "batoto". Mwendo wa gari huelezwa aghalabu kwa neno la Kifaransa lililovaa viambishi vya Kiswahili. Tafiti za Johannes Fabian, Walter Schicho na Jan Blommaert juu ya Kiswahili cha Katanga zimeonyesha lugha yenye historia yake na maandishi yake, na kuiita "mbovu" ni kutojua. Lakini kibao cha "BATOTO" kingezua ubishi. Mwalimu aliyefundishwa Kiswahili cha wamisionari wa Mpala na Moba angekiona kuwa ni dharau, na huenda angepata wafuasi.

Ubishi huo si lazima. Mechthild Reh, akichunguza maandishi ya mji wa Lira nchini Uganda mwaka 2004, alitenganisha maandishi yanayorudia habari ileile kwa lugha zote na yale yanayogawa habari, sehemu kwa lugha hii na sehemu kwa ile. Kwa duka, kugawa kunaweza kuwa mbinu nzuri ya kibiashara. Kwa hatari, kurudia ndiko kunakofaa, na kinachorudiwa kiwe kifupi. Shule haihitaji neno. Picha ya watoto wawili wanaokimbia inatosha. Pale neno linapohitajika, akiba ya pamoja ipo: "SIMAMA", "HATARI", "POLE POLE", "NJIA IMEFUNGWA". Hakuna kati ya haya linalomshinda msemaji wa Kalemie wala wa Kigoma. Orodha ya maneno ishirini ya namna hii ingeweza kupimwa na wanafunzi wa idara yoyote ya Kiswahili katika muda wa likizo moja, kwa kuwaonyesha wauza samaki, wapanda baiskeli na madereva vibao vya majaribio na kuandika walichoelewa.

Wachoraji wapo. Katanga ni eneo lililomlea Tshibumba Kanda Matulu, ambaye mnamo mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian historia nzima ya nchi katika picha zipatazo mia moja, nyingi zikiwa na maandishi ndani yake, na kila picha ilichorwa kwa kumfikiria mtu atakayesimama mbele yake na kuisoma. Mafundi wa mabango ya vinyozi na ya viraka vya matairi wanaendelea na desturi hiyo. Wanajua rangi gani hudumu na ipi hupauka, kwa sababu mteja hurudi kudai. Ofisi inayoagiza bati kutoka mbali ingeweza kuwalipa hao wakarudishie wekundu kila mwaka kabla ya masika, na kumtaka fundi aandike nyuma ya kila bati, kwa rangi nyeusi, mwaka, jina la ofisi na mahali pa kupeleka habari bati likianguka.